Mjadala: Je, Njia Ipewe Jina la Mzee Aliyerudi Kutoka Kagera?

Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, mwishoni mwa Oktoba 1978, sasa anakaribia miaka 70. Wengi wa waliovuka mpaka pale Mutukula wakiwa na umri huo hawakuwa na nyota begani. Walikuwa askari wa kawaida, na pamoja nao mgambo walioitwa kutoka mashambani, viwandani na maofisini. Vita vilipokwisha Juni 1979, walianza kurejea makwao kidogo kidogo. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, taifa huwakumbuka wote kwa pamoja. Siku zilizobaki za mwaka, wanaowaona ni majirani zao tu.

Mjadala huu unamhusu mmoja wao, mzee wa mfano, anayefanana na wengi ambao huenda msomaji anawafahamu. Anaishi uswahilini, Dar es Salaam. Kabla ya masika ndiye anayeingia mtaroni na beleshi kutoa taka. Asubuhi huwavusha watoto wa shule barabara kubwa. Ulinzi shirikishi ulipolegea, yeye ndiye aliyewakusanya vijana upya. Ukitokea msiba, turubai halijafungwa bado, ameshafika. Halipwi chochote. Sasa baadhi ya majirani wanataka njia anayoishi ipewe jina lake, na wengine wanapinga.

Nimewapa nafasi wasemaji watano: dereva wa bodaboda, askari mstaafu mwenzake, mwalimu mstaafu wa historia, mama mwenye genge, na mtendaji wa mtaa. Nimewaita kwa kazi zao kwa sababu tunachopima hapa ni hoja. Msimamo wangu nitautoa mwishoni.

Hoja ya kwanza: anaheshimiwa kwa vita au kwa mtaa?

DEREVA WA BODABODA: Mimi nasema apewe, na hata leo tumechelewa. Napita mjini kila siku na abiria. Samora, Sokoine, Bibi Titi, Lumumba, Kawawa, Azikiwe: majina yote makubwa, na yote ya viongozi. Hata vita vya Kagera, majina tunayoyasikia ni ya makamanda. Tunamsikia Mayunga aliyeitwa Mti Mkavu, tunamsikia Musuguri aliyeitwa Jenerali Mutukula. Wanastahili. Lakini yule aliyetembea kwa miguu kutoka Kyaka hadi Kampala na mzigo mgongoni, jina lake limeandikwa wapi? Mcheza kwao hutunzwa. Huyu kacheza kwao, tena miaka mingi.

ASKARI MSTAAFU: Nakushukuru, kijana wangu, kwa moyo huo. Ila twende polepole. Mimi nilikuwepo. Nchi ilivamiwa, watu wa Kagera waliuawa na kuporwa mifugo, daraja la Kyaka likavunjwa. Mwalimu Nyerere aliposema tunayo sababu, tunao uwezo na tunayo nia, hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Lakini tuliokwenda tulikuwa maelfu, na wenzetu wengine wamelala Kaboya kule Muleba. Wao hawakupata nafasi ya kurudi kuzibua mtaro wa mtu. Ukimpa jina mmoja aliyerudi, kwa sababu ya vita, utaziambia nini familia za wale? Tena vita vina mambo yake. Niliuona mji wa Masaka, kule Uganda, baada ya mizinga yetu kupita, Februari 1979. Zile zilikuwa nyumba za watu. Sina aibu kwa kuitetea nchi yangu, lakini aliyeuona mji ule haombi kupigiwa ngoma.

MWALIMU MSTAAFU: Mzee mwenzangu, nakuelewa. Lakini hebu tujiulize mazoea haya ya kuwakumbuka askari kwa jumla tu yametoka wapi. Waingereza walipoichukua Dar es Salaam mwaka 1916, waliweka kambi ya wapagazi wa jeshi lao pale panapoitwa Kariakoo leo. Jina lenyewe limetokana na kikosi hicho cha wapagazi. Katika vita vile, Vita vya Kwanza vya Dunia, Afrika Mashariki ilipoteza wapagazi makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa na maradhi. Tumebaki na jina la kikosi, na soko. Majina ya watu hatunayo. Kisha mwaka 1927 ikawekwa Sanamu ya Askari mahali palipokuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Mjerumani alisimama pale akiwa na jina lake. Mwafrika aliyechukua nafasi yake ni askari tu. Tunapita chini yake miaka yote, na hatuulizi anaitwa nani.

DEREVA WA BODABODA: Basi mwalimu umenisaidia. Tuanze kuwaita watu kwa majina yao.

MWALIMU MSTAAFU: Sijasema hivyo bado. Nimesema kukumbukana kwa jumla kuna historia yake, na si historia ya kujivunia yote. Kama jina likitolewa, lazima tuseme wazi limetolewa kwa lipi.

MAMA MWENYE GENGE: Naomba na mimi niseme. Mimi Kagera sikuiona. Nimezaliwa Amin ameshakimbia. Nilichokiona kwa macho yangu ni mtaro. Mvua ya masika ikija, maji yalikuwa yanaingia mpaka kwenye nyanya zangu, na baada ya maji huja kipindupindu. Mzee alipoanza kutoka alfajiri na toroli lake, wengine walimcheka. Mwaka uliofuata maji yakapita. Ukiniuliza alipiga risasi ngapi, sijui. Ukiniuliza kama amenifaa, najua. Mimi nitasimama mkutanoni niseme nilichokishuhudia.

ASKARI MSTAAFU: Hapo tunaelewana, mama. Vita ni vya taifa, na taifa lina siku yake na mahali pake pa kuvikumbukia. Mtaa ushuhudie ya mtaa. Nikisikia njia imeitwa kwa jina lake kwa sababu alizibua mtaro kwa miaka, wenzetu wa Kaboya hawatakuwa wameonewa. Vita viandikwe kama sehemu ya maisha yake, lakini visiwe ndiyo sababu.

Hoja ya pili: angali hai au baada ya kufa?

MWALIMU MSTAAFU: Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Jina likishawekwa kwenye nguzo, kulitoa ni fedheha kwa mtu na kwa mtaa. Mtu huweza kubadilika, na hata watu wakabadilika juu yake. Mfikirieni Bibi Titi Mohamed. Wakati wa uhuru alikuwa sauti kubwa ya wanawake wa TANU. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kesi ya uhaini, na mwaka uliofuata akasamehewa. Leo moja ya barabara kubwa za jiji inaitwa kwa jina lake, na hakuna anayeuliza kwa nini. Historia ilihitaji muda. Mimi napendekeza tusubiri. Na tena, mtu mwema hasubiri malipo: tenda wema nenda zako.

DEREVA WA BODABODA: Shikamoo mwalimu, lakini hapo siwezi kukubali. Barabara ya Ali Hassan Mwinyi iliitwa hivyo mzee Mwinyi akiwa hai, na tumemzika mwaka 2024. Sam Nujoma amefariki mwaka 2025, sisi tulikuwa tumeshachoka kupanga foleni kwenye barabara yenye jina lake. Mwai Kibaki vilevile alikuwa hai. Mwaka 2013 alipokuja Rais Obama, Ocean Road ilibadilishwa ikapewa jina lake, na yeye ni kijana kuliko wazee wetu hawa. Kama hujafa hujaumbika ni sheria, kwa nini iwe sheria kwa mzee wa uswahilini peke yake?

MWALIMU MSTAAFU: Hoja yako ni nzito. Nakiri kipimo lazima kiwe kimoja. Lakini pengine kosa lilikuwa kuwapa wale mapema, wala si kumnyima huyu.

MAMA MWENYE GENGE: Mwalimu, kwenye msiba tunasoma wasifu mrefu, watu wanalia, tunasema marehemu alikuwa hivi, alikuwa vile. Mwenyewe hasikii. Huo wema wetu wa makaburini unamsaidia nani? Na methali ya tenda wema nenda zako inamfundisha anayetenda. Haimruhusu anayetendewa kukaa kimya. Anayetendewa ana methali yake: chanda chema huvikwa pete.

MTENDAJI WA MTAA: Kabla hamjaendelea, kuna aliyemuuliza mzee mwenyewe?

Kimya kidogo.

ASKARI MSTAAFU: Swali zuri, mtendaji. Wapo wenzetu ambao hawapendi kabisa kutajwa. Wengine wana mambo ya vita ambayo hawajayasema hata kwa wake zao. Jina lako likiwa ukutani, kila mgeni atakuuliza ulifanya nini. Mzee aulizwe kwanza, faraghani, na watu anaowaamini. Akikataa, yaishie hapo, tena kwa heshima. Akikubali, ndipo ninyi muite mkutano.

Hoja ya tatu: anwani ni chombo cha kazi

MTENDAJI WA MTAA: Sasa nisikilizeni na mimi. Mwaka 2022 tulifanya Operesheni Anwani za Makazi, nchi nzima, kwa miezi michache, kabla ya Sensa ya Agosti 23. Kila njia ikapewa jina, kila nyumba namba, na juu yake kuna postikodi ya tarakimu 5. Taarifa zote zimeingizwa kwenye mfumo wa kidijitali wa anwani, NaPA. Mtu anasajili biashara kwa anwani hiyo, anaomba mkopo kwa anwani hiyo. Zimamoto na gari la wagonjwa wanatakiwa wafike kwa anwani hiyo. Mkiona jina ni heshima, mkumbuke pia kwamba ni maelekezo. Kila mtu mwema akifa tukibadilisha njia, gari la wagonjwa litapotea. Jambo jingine ni fedha. Nguzo na vibao vya chuma vinang'olewa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Nani atakuwa anaweka vingine?

DEREVA WA BODABODA: Mtendaji, mimi ndiye gari la wagonjwa la mtaa huu, usiku hasa. Abiria akinipigia haniambii jina la kwenye kibao. Ananiambia msikitini, kwenye mwembe, kwa mangi, au ananiambia kwa Mzee Mwanajeshi. Hilo la mwisho kila mtu analijua. Mkiliandika jina lake hamtaleta jina geni. Mtaandika jina ambalo watu wameshalipitisha midomoni.

MWALIMU MSTAAFU: Hapo kijana ana ukweli ambao historia inauthibitisha. Barabara ya Pugu ilipewa jina la Nyerere, lakini wapo watu wazima wanaoiita ya Pugu hadi kesho. Samora nayo iliwahi kuitwa Independence, na kabla yake Acacia. Jina la kupewa kutoka juu hukaa kwenye ramani kwa miaka kabla halijakaa midomoni. Jina lililoanza midomoni halina kazi ya kujifunza.

MTENDAJI WA MTAA: Nakubali, lakini utaratibu upo. Jina linapendekezwa na wakazi wenyewe kwenye mkutano wa mtaa, linakwenda kata, kisha halmashauri. Mimi siwezi kulipachika, na mwenyekiti hawezi. Nitakachoweza kuwasaidia ni hiki: tafuteni njia ambayo jina lake linajirudia. Kasi ya mwaka 2022 ilituachia majina mepesi, na yakijirudia karibu karibu yanawachanganya watu. Kulibadilisha la namna hiyo ni kuisaidia anwani, na hapo hata mimi nitatetea.

Hoja ya nne: nani anaachwa nje?

MAMA MWENYE GENGE: Nimemuunga mkono mzee, na simgeuki. Lakini nina jambo moyoni. Kwa nini wazo hili limekuja kwa aliyekuwa askari? Mtaa huu una wanawake wanaopita nyumba kwa nyumba kuuliza watoto waliokosa chanjo. Kuna mama anayewasindikiza wajawazito hospitali usiku wa manane. Hawajavaa kombati, kwa hiyo hatuwaoni? Tena mzee alipokuwa Uganda, mkewe alikuwa hapa na watoto. Aliporudi, nchi ikaambiwa ifunge mkanda kwa miezi 18, na miezi 18 ikawa miaka. Foleni za sukari na unga walisimama kina mama. Vita hivyo navyo viliwapiga.

ASKARI MSTAAFU: Umesema kweli tupu. Nishani yangu ipo kabatini. Mke wangu hakupewa hata karatasi.

MWALIMU MSTAAFU: Na mimi nina hofu ya pili. Mlango huu ukifunguliwa, mwakani atakuja mtu mwenye fedha aitake njia kwa jina la baba yake. Mwaka unaofuata atakuja mgombea. Bila vipimo, heshima itauzwa kama kiwanja.

DEREVA WA BODABODA: Basi tuweke vipimo, tusiufunge mlango. Kuogopa mwizi hakumzuii mtu kujenga nyumba.

MTENDAJI WA MTAA: Vipimo si vigumu. Mtu awe ameutumikia mtaa huuhuu, kwa miaka mingi, bila malipo, na majirani waweze kusimama na kusema walichokiona. Asiwe kiongozi aliye madarakani wala mgombea. Na asiwe ametoa fedha ili apewe. Ukiweka hayo, wenye kutafuta jina watachoka wenyewe, kwa sababu kuzibua mtaro kwa miaka mingi ili uitwe kwenye kibao si biashara yenye faida.

Uamuzi

Nimewasikiliza wote watano, na sasa natoa neno langu. Naunga mkono: njia ipewe jina la mzee, angali hai, na kwa kazi aliyoifanya mtaani.

Hoja ya askari mstaafu ndiyo iliyonishawishi zaidi, ingawa alianza kwa kupinga. Mtaa hauna uwezo wa kupima ushujaa wa Mutukula wala wa Masaka, na haupaswi kujaribu. Waliolala Kaboya na waliorudi ni wa taifa zima, na heshima yao haigawanywi kwa njia za uswahilini. Lakini mtaa ndio shahidi wa pekee wa mtaro uliozibuliwa na mtoto aliyevushwa barabara. Jambo hilo halitaingia katika kitabu chochote cha historia ya nchi. Wakazi wasipoliandika wao, hakuna mwingine atakayeliandika.

Hata hivyo, kuvitaja vita kwenye kibao kuna maana yake. Mtu aliyefundishwa kubeba silaha, akaona miji ikiteketea, kisha akachagua kutumia nguvu zilizobaki kulinda watoto wa jirani, ametupa funzo ambalo gwaride haliwezi kulitoa. Alitumwa mara moja na nchi, na baada ya hapo alijituma mwenyewe. Kibao kiseme yote mawili kwa mistari miwili: alipigana Kagera, na aliutumikia mtaa huu.

Kuhusu uhai, namheshimu mwalimu, lakini sikubaliani naye. Jiji letu limekwisha kuwapa viongozi barabara wakiwa hai. Kipimo kikaze kwa wote au kilegee kwa wote. Zaidi ya hapo, hawa wazee hawana miaka mingi ya kusubiri. Tukiahirisha miaka 10 tutakuwa tunawaandikia majina watu ambao wengi wao hawatakuwepo kuyasoma. Kama hofu ni kwamba mtu anaweza kuharibikiwa mwishoni, basi miaka zaidi ya 40 ya kuishi mbele ya majirani ni mtihani wa kutosha.

Naweka masharti manne, na yote nimeyachukua kwa wasemaji wangu. Mzee aulizwe kwanza, na akikataa aachwe. Jina litoke kwenye mkutano wa wakazi, si mezani kwa diwani. Ichaguliwe njia ambayo jina lake la sasa linawachanganya watu, na likishabadilishwa lisiguswe tena. Na siku hiyohiyo mkutano ufungue orodha ya majina yajayo, na jina la pili liwe la mwanamke aliyeutumikia mtaa. Sharti hili la mwisho nalishikilia kwa nguvu. Bila hilo tutakuwa tumewafundisha watoto kwamba wema huonekana kwa aliyewahi kushika bunduki pekee.

Lipo pia deni ambalo kibao hakilipi. Mzee wa umri huo anahitaji dawa za presha, macho yake yanahitaji miwani, na mgongo uliobeba mzigo hadi Kampala hauwezi kuendelea kuinamia mtaro. Mtaa utakaompa jina ukamwachia beleshi utakuwa umemdhulumu. Siku ya kuweka kibao iwe siku ya kugawana kazi zake: vijana wa bodaboda wachukue zamu ya kuvusha watoto, kila nyumba itoe mtu wa kuzibua mtaro kabla ya Machi, na kamati ya ulinzi ipate kiongozi mwingine. Heshima isiyopunguza mzigo wa anayeheshimiwa haijatimia.

Kwa hiyo, msomaji, kama katika mtaa wako yupo mtu wa namna hii, aliyekuwa askari au la, nenda kamsalimie wiki hii na umuulize kama angependa. Akikubali, lipeleke jina lake kwenye mkutano ujao wa mtaa, simama, na useme ulichokiona kwa macho yako. Usisubiri siku ya kusoma wasifu.